Goti Lisiloumia Bado Halijapona

Msikilizaji, maoni yangu leo yanamlenga mchezaji aliyekatika ligamenti ya mbele ya goti, ile ambayo siku hizi hata watoto wanaocheza chandimu wanaitaja kwa jina lake la hospitali, ACL. Amefanyiwa upasuaji. Magongo ameshayaweka kando, uvimbe umekwisha, ngazi anapanda bila kushika ukuta. Yuko mwezi wa nne. Jumamosi kuna ndondo mtaani, ameshapigiwa simu, na posho imetajwa. Goti haliumi. Anajiuliza: nikiingia dakika ishirini tu za mwisho, kuna ubaya gani?

Mdogo wangu, ubaya upo, na uko mahali usipoweza kupaona wala kupahisi.

Ligamenti ya namna hiyo ikikatika, mara nyingi daktari huchukua kipande cha kano kutoka mwilini mwako mwenyewe, nyuma ya paja au chini ya pia ya goti, akakipitisha kwenye matundu aliyotoboa mfupani na kukifunga humo. Kipande hicho kimetengwa na damu iliyokuwa ikikilisha. Ni kama mche uliong'olewa kitaluni: kabla haujashika ardhi mpya, kwanza hunyauka. Katika miezi ya mwanzo kipande hupungua nguvu kuliko siku kilipowekwa. Mishipa midogo ya damu inakiingia polepole, chembe mpya zinakijenga upya kiwe ligamenti, na kazi hiyo yaweza kupita mwaka mzima. Maumivu hayaifuati ratiba hiyo. Yenyewe huondoka mapema, yakakuacha unajiona mzima kumbe goti liko katikati ya ujenzi.

Mwaka 2016 watafiti wa Norway na Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanamichezo waliopasuliwa goti la namna hii. Waligundua kwamba kila mwezi mmoja mchezaji aliochelewa kurudi kwenye michezo ya kukata kona na kugeuka ghafla, mpaka kufikia mwezi wa 9, kiwango cha kuumia tena kilishuka kwa asilimia 51. Kila mwezi! Sijui dawa ya duka lolote inayoweza kushindana na hiyo, na hii haiuzwi.

Sasa kuna wanaosikia neno subira wakaelewa kulala chali na simu mkononi mpaka tarehe ifike. Hao nao wanajiumiza. Baada ya upasuaji msuli wa mbele ya paja hukonda upesi mno. Ndani ya wiki chache unaona kwa macho paja moja limekuwa dogo kuliko jingine. Kwa hiyo kazi inaanza siku za mwanzo kabisa, kitandani: kaza msuli wa paja, hesabu mpaka tano, legeza, rudia. Nyoosha goti mpaka linyooke kabisa, kwa sababu goti lililozoea kujikunja kidogo litakufanya uchechemee muda mrefu. Fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, akiruhusu, ingia kwenye baiskeli ya mazoezi, ile isiyokwenda popote. Asiye na baiskeli hiyo ana kiti cha kukalia na kusimama, ana ngazi, ana tyubu ya baiskeli iliyokatwa ya kuvutia mguu. Na ule mguu mzima usiupumzishe. Imethibitika kwamba ukiufanyisha mazoezi mazito, mguu uliopasuliwa nao hunufaika kwa kiasi fulani kupitia mfumo wa neva. Kifua, mabega, tumbo, pumzi, vyote hivyo havikupasuliwa.

Kazi yenyewe inachosha, na haina mashabiki. Hakuna anayekupigia makofi kwa sababu leo goti limekunja zaidi ya jana. Ndiyo maana nawaheshimu sana wanaoifanya.

Mkumbuke Ronaldo, yule wa Brazil. Novemba 1999 akiichezea Inter alichanika kano iliyo chini ya pia ya goti la kulia, akapasuliwa Paris. Tarehe 12 Aprili 2000, kabla miezi mitano haijatimia, aliingizwa uwanjani Roma katika fainali ya Kombe la Italia dhidi ya Lazio. Alicheza dakika chache tu. Alipokuwa akimchezea beki miguu, goti likaachia, bila kuguswa na mtu, na kano ikakatika kabisa. Waliouona mkanda ule wanakumbuka ukelele wake. Mchezaji ghali kuliko wengi duniani, mwenye daktari bingwa na klabu tajiri, alirudi tena mezani kwa upasuaji. Safari hii hakuharakishwa: msimu wote wa 2000/2001 hakucheza mechi. Juni 2002 alikuwa Yokohama, akaifunga Ujerumani mabao mawili katika fainali ya Kombe la Dunia, akamaliza mashindano na mabao 8.

Basi mdogo wangu, usirudi kwa kuangalia kalenda peke yake. Miezi 9 ikitimia, upimwe. Ruka kwa mguu mmoja, fizio apime kwa tepu, kisha ruka kwa mwingine. Mguu uliopasuliwa ukiwa haujafika angalau asilimia 90 ya mwenzake, kwa umbali na kwa nguvu ya paja, endelea na mazoezi. Na usimpe mtu goti hilo alichue kwa mafuta ya moto akidai analifungua.

Lakini siwezi kumwambia haya mchezaji halafu nikanyamaza juu ya wanaomwajiri. Upasuaji wa matundu madogo siku hizi unafanyika hapa nyumbani, pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Klabu nyingi hujitahidi kuchangia siku ile ya upasuaji, picha zinapigwa, pole zinatolewa. Mwezi wa tatu simu hazipokelewi tena. Kijana ana kodi ya chumba, ana mama anayemtegemea, na ndondo ndiyo pekee inayomlipa. Tunamlaumu kwamba hana subira, wakati hana chakula cha kusubiria.

Kiongozi wa klabu unayenisikiliza, ukipanga bajeti ya upasuaji wa mchezaji wako, panga pamoja nayo posho yake ya miezi tisa na nauli ya kwenda kwa fizio kila wiki. Andika hayo kwenye mkataba kabla msimu haujaanza, angali mzima.