Wenzetu Walipotuimbia

Hotuba ya Katibu wa Kwaya, Sherehe ya Miaka 25



 Habari za ngoma moja na sare za kuazima mtazisoma kwenye kurasa zinazofuata. Sisi tumeombwa tuseme jinsi Mungu alivyotushika wakati wa shida. Tungeweza kusema kwamba alitushika, tukaketi. Lakini wako hapa leo ambao bado wamo ndani ya shida, na jibu fupi haliwasaidii.

Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, kisha makanisa. Makanisa yalipofunguliwa Julai, watu hawakuruhusiwa kuzidi 100, na waliopita miaka 58 walitakiwa kubaki nyumbani. Sauti yetu ya nne ikapungua sana, mnawajua wazee wetu! Kati yetu kulikuwa na walimu wa shule za kibinafsi, aliyeandika maneno haya akiwa mmoja wao. Mshahara ulikatika. Tuliuza mandazi kando ya barabara, na wanafunzi wetu wakawa wateja. Ndugu yetu mmoja alishindwa na kodi ya nyumba, akarudisha familia yake kijijini. Tuliomba. Wengine wetu tulichoka kuomba, na hatuoni haya kulisema hilo mbele ya Mchungaji.

Kisha dada yetu wa sauti ya pili akafiwa na mumewe. Mazishini waliruhusiwa watu wachache tu. Kwaya iliyozoea kujaza matatu mbili ilituma watu watatu, wakaimba wakiwa na barakoa.

Aliporudi mazoezini, miezi baadaye, alituambia hawezi kuimba. Kila akifungua mdomo ni machozi. Kamati ilijadili kama apewe likizo, na kumbukumbu za mkutano huo tunazo. Mwalimu wa kwaya ndiye aliyekataa. Alisema dada avae sare, asimame mahali pake, anyamaze, nasi tumwimbie.

Wakati huo hatukujua kwamba jambo hilo limo katika Biblia. Tulikuja kuliona tuliposoma pamoja Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za huzuni hugeuka kabla ya mwisho, zikamalizia kwa sifa. Hii haigeuki. Inaanza kwa kilio na inaishia gizani. Lakini tazameni kichwa chake: ni Zaburi ya Wana wa Kora, waimbaji wa hekaluni, na imeelekezwa kwa mwimbishaji. Yaani kilio cha mtu asiye na sifa kinywani kilikabidhiwa kwaya, nayo haikukitupa. Paulo na Sila nao, kule Filipi, waliimba usiku wa manane miguu ikiwa kwenye mkatale. Tetemeko lilikuja baadaye. Tena walikuwa wawili. Tunapohubiri kisa hicho tunaharakisha kufika kwenye milango iliyofunguka.

Dada yetu alisimama kimya karibu mwaka mzima. Tulichanga shilingi hamsini hamsini kila mazoezi, si nyingi, na kina mama walikuwa wakipita kwake Jumatano. Hatukumwuliza atapona lini. Halafu Jumamosi moja, tukirudia ubeti wa pili kwa mara ya tano kwa sababu sauti ya tatu walikuwa wanakosea (na bado wanaukosea), tukamsikia. Sote tulimsikia. Hakuna aliyegeuka kumtazama.

Tangu siku hiyo imekuwa desturi yetu. Aliyefiwa, aliyeachishwa kazi, mwenye mtoto hospitalini, hatumpi likizo asipoitaka. Anavaa sare. Ndugu yetu wa kodi hajaweza kurudi mjini, lakini asubuhi hii ameshuka kwenye basi akiwa na sare yake ya zamani, nasi tumemwekea nafasi.

Kwa hiyo tutakaposimama sasa hivi, mtaona wawili miongoni mwetu wamefunga midomo. Hawajasahau maneno. Tafadhali wenye kamera, msiwaelekezee. Mwalimu, tupe sauti.