Maneno ya "Kwa Kuwa" Katika Mkataba



Mtu aletewapo hati ya mkataba aitie sahihi, mara nyingi macho yake hukimbilia mahali palipotajwa fedha na siku ya kulipa. Maneno ya mwanzo, yale yaanzayo na "Kwa kuwa", huyaruka akidhani ni mapambo ya mawakili. Kumbe humo ndimo inamoelezwa hali iliyozaa mapatano: nani mwenye mali, ni mambo gani yaliyotangulia, na kwa sababu gani pande mbili zimekutana.

Tuseme shamba linauzwa, na hati yaanza hivi: "Kwa kuwa muuzaji ndiye mwenye shamba hili, na kwa kuwa amekwisha kupokea shilingi 400." Ikiwa muuzaji hajapokea hata senti moja, naye akatia sahihi au dole gumba, amejitolea ushahidi dhidi yake mwenyewe. Siku ya daawa atakuwa na kazi kubwa ya kuwasadikisha watu vingine.

Hata hivyo, maelezo si masharti. Katika kesi moja ya Uingereza ya mwaka 1886, Lord Esher alieleza kanuni tatu. Masharti yakiwa na mashaka na maelezo yakiwa wazi, maelezo huyafasiri masharti. Maelezo yakiwa na mashaka na masharti yakiwa wazi, masharti hushinda. Yote mawili yakiwa wazi lakini yakapingana, masharti hushinda vilevile.

Uzito wa maneno hayo waonekana katika mapatano ya Wamasai. Hati ya mwaka 1904, waliyoitia sahihi Lenana na viongozi wenzake pamoja na Sir Donald Stewart, ilitanguliza kwamba Wamasai kwa hiari yao wameona ni faida kwao kuhamia sehemu maalumu, mbali na reli. Ndipo likafuata sharti kwamba sehemu hizo zitakuwa zao maadamu kabila lao lipo. Hati ya mwaka 1911 ilitaja tena hiari na faida, lakini safari hii faida ya kukaa mahali pamoja. Na Wamasai wa Laikipia wakatakiwa kuhamia kusini. Baadaye baadhi yao, akiwamo Ole Njogo, walishtaki, wakidai kwamba hati ya pili haikuwafunga. Mahakama haikupima kama hiari ile ilikuwa ya kweli. Ilisema kwamba mapatano yale yalikuwa ya dola na dola, nayo haikuwa na uwezo wa kuyahukumu. Laikipia haikurudishwa.

Basi yampasa kila mtu, kabla ya kushika kalamu, asomewe hati tangu neno la kwanza, kwa lugha aijuayo, na mtu anayemwamini. Kila penye "Kwa kuwa" na aulize: Je, jambo hili ni kweli? Likiwa si kweli, lifutwe au lisahihishwe mbele ya mashahidi. Asiyekubaliwa ombi hilo, heri arudi nyumbani bila kutia sahihi.