Kinga ya Transfoma za Mtaani: Suala la Waya wa Shaba Mahali pa Fyuzi



Waandalizi wa semina hii walinitaka nieleze kwa ujumla jinsi transfoma zinavyokingwa na hitilafu na mzigo uliozidi, nami nitatii kwa kadiri ya adabu. Walakini, maadamu wengi wenu mmeishi na vyombo hivi miaka mingi, nitayapita ya mwanzo kwa haraka, ili nipate wasaa wa kusema jambo moja ambalo aghalabu huishia katika ripoti za mwezi, likatiwa muhuri na kuhifadhiwa katika faili.

Transfoma kubwa za vituo vya kupoza umeme zina walinzi wa kutosha: relei ya kulinganisha mkondo unaoingia na unaotoka, relei ya gesi aliyoibuni Max Buchholz wa Ujerumani mwaka 1921, vipimajoto vya mafuta na vya mizingo ya waya, na vizuia radi. Hizo sizisemi zaidi, kwa kuwa zina watu wa kuzitazama usiku na mchana. Transfoma ya mtaani, ile ya kVA 50 au 100 iliyopandishwa juu ya nguzo, haina relei wala mtazamaji; ina vizuia radi, ina fyuzi tatu upande wa msongo mkubwa na fyuzi nyingine upande wa volti 400, basi. Ukiziondoa fyuzi hizo umeiacha mikononi mwa Mola.

Kuhusu mzigo uliozidi, itoshe kukumbusha kwamba joto la waya hupanda kwa mraba wa mkondo, hata mzigo ukizidi kwa asilimia 20 joto linalozaliwa ndani ya waya huzidi kwa asilimia 44. Na kwamba karatasi inayohami mizingo, ikishapita nyuzi 98, huchakaa kwa kasi maradufu kila joto lipandapo nyuzi 6. Fauka ya hayo, kanuni za kimataifa za utengenezaji zimejengwa juu ya hewa yenye wastani wa nyuzi 20 kwa mwaka, ilhali sisi wa mwambao wastani wetu hukaribia nyuzi 26. Kwa hiyo transfoma haifi siku ile ya Ramadhani ambapo majiko, feni na friji za mtaa mzima zilifanya kazi pamoja kabla ya futari; hufa miaka kadhaa baadaye, siku ya utulivu, nasi tukaandika katika fomu kuwa sababu ni radi.

Sasa nafika kwenye muradi wangu. Kila aliyepanda nguzo katika ukumbi huu amekwisha kuliona bomba la fyuzi ambalo ndani yake hamna uzi wa fyuzi, bali uzi mmoja wa waya wa nyumba, uliochunwa ganda lake, ukazungushwa mara mbili katika kila ncha na kubanwa kwa koleo, nao umekwisha kuwa mweusi kwa moshi. Waya huo hushikilia bomba lisianguke, kama ufanyavyo uzi wa fyuzi ukiwa mzima, taa zikawaka, wananchi wakashukuru, na gari la dharura likaenda kwenye mwito mwingine.

Tufanye hisabu. Transfoma ya kVA 100 inayolishwa kwa kilovolti 33 huvuta, ikiwa imejaa mzigo, ampea 1.75 tu. Kwa kuwa kizuizi chake cha ndani aghalabu ni asilimia 4, hata nyaya zake za volti 400 zikigusana pale pale kwenye maungio yake, mkondo upande wa juu hauwezi kuzidi mara 25 ya huo, yaani ampea 44 hivi. Uzi wa shaba wa milimita za mraba 1.5 huyeyuka kwenye hewa kwa takriban ampea 130. Natija ni dhahiri: kwa hitilafu yoyote ya upande wa wateja, waya ule ni muhali kukatika, utakatika tu iwapo hitilafu iko ndani ya mizingo ya msongo mkubwa yenyewe, wakati ambapo hapana tena cha kuokoa. Wala swichi ya kituoni haitatusaidia, kwani ampea 44 katika laini inayolisha wilaya ni mzigo wa kawaida machoni pake. Wanaosema kuwa waya mwembamba ni afadhali kuliko kukosa kitu kabisa, naomba warudie hisabu hii kwa utulivu.

Upande wa volti 400 nao una taabu yake. Laini ya alumini ya milimita za mraba 50 ikivutwa kilomita moja, kama tunavyoivuta kila mwanasiasa anapotuomba tuongeze nguzo chache, waya wa fezi ukigusana na wa nyutro mwishoni mkondo hauzidi ampea 160 hivi, nao mzigo halali wa transfoma hiyo ni ampea 144. Fyuzi ya 160, hata ikiwa mpya na halisi, haitakatika.

Ni nani wa kulaumiwa? Simnyoshei kidole mtu wala idara, na nafasi yangu hainiruhusu. Fundi ana sehemu yake ya lawama. Lakini insafu yataka tuseme kwamba yuko juu ya ngazi saa nne za usiku, chini kuna mwenye mashine ya kusaga na umati unaopiga kelele, na bohari, hata ingefunguliwa, ina nyuzi za ukubwa usiofaa au haina kabisa. Ombi la nyuzi za fyuzi, ambazo bei yake ni hafifu, hungojea zabuni ya mwaka. Ombi la transfoma mpya, kwa jina la dharura, hupita mara moja. Jambo hili nimeliandika mara nyingi kwa lugha ya heshima, na hapa pia nalisema kwa heshima, ijapokuwa heshima yenyewe imeanza kuchoka.

Mapendekezo yangu ni haya. Kila gari la dharura lipewe sanduku la nyuzi za fyuzi za ukubwa wote unaotumika katika eneo lake, nalo lihesabiwe kila zamu inapobadilika. Ukubwa unaostahili upakwe rangi juu ya nguzo, fundi asipate kukisia gizani. Waya ukilazimika kuwekwa kwa usiku mmoja, uandikwe katika daftari na uondolewe kesho yake kwa amri ya msimamizi, naye ndiye aulizwe, si fundi. Mzigo upimwe jioni, fezi kwa fezi, wala si saa nne asubuhi wakati kila mtu yuko shambani, na wateja wahamishwe ili fezi moja isibebe mtaa mzima. Laini ndefu zigawanywe, kila tawi na fyuzi yake ndogo. Transfoma iliyoungua isibadilishwe kabla mabomba yake ya fyuzi hayajafunguliwa na kilichomo kuandikwa kwenye fomu. Aidha, narudia kwa makusudi, nyuzi za fyuzi zinunuliwe kwa njia ile ile ya dharura inayonunulia transfoma.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba azimio la kwanza la semina hii liwe hilo la nyuzi za fyuzi, liandikwe kwa ukubwa na idadi, na litiwe tarehe ya kutekelezwa.