Mbele ya kusaini ile barua ya kufunga bei ya dola



Barua moja inazunguka sokoni: tuombe Leta ifunge bei ya dola, isipande tena. Sisi vijana tuliosoma na tuko nyumbani bila kazi, wengi wetu tulitaka kusaini palepale. Mwalimu analipwa kwa franka, lakini nyumba na feza ya masomo wanamuomba dola. Franka ikianguka, mshahara wake unapunguka bila mtu kuugusa. Hiyo hasira iko ya haki kabisa.

Lakini bei hiyo tulikwisha kuifunga. Wazee wanakumbuka: mwaka 1967 zaire moja ilikuwa dola 2. Ilishika miaka, juu shaba ya Kolwezi ilikuwa inaleta dola. Kufunga bei si kusoma amri kwa redio. Kila mtu anayekuja na feza yake, Benki Kuu inapaswa kumpa dola kwa bei ile iliyotangazwa. Mwaka 1975 bei ya shaba ilikuwa imeanguka, lakini Leta iliendelea kutumia na kuchapa makuta. Mwaka 1983 zaire ikashushwa mara moja, zaidi ya robo tatu ya thamani yake.

Tena Januari 1999: amri ikakataza kulipana kwa dola, bei rasmi ikafungwa. Nani alipata dola kwa bei ile? Mwenye ndugu ofisini. Mama wa muhogo yeye alinunua chumvi kwa bei ya barabarani. Mwaka 2001 Leta yenyewe iliachilia: dola ikatoka franka 50, ikapita 300.

Mutasema: mbona Oman inaweza? Kweli, rial yao haijasogea kwa dola tangu 1986. Wanauza petroli, na dola zinaingia kwa benki yao. Sisi tunauza shaba na kobalti. Dola zetu zinalala wapi?

Basi barua tumeiandika upya. Feza ya masomo na kodi ya nyumba zihesabiwe kwa franka. Halafu, sheria ya madini ya 2018 inadai kampuni zirudishe nchini asilimia 60 ya mauzo ya nje wakati bado zinarudisha mtaji wao, kisha 100. Tunataka Benki Kuu itangaze kila miezi 3, kampuni kwa kampuni, ngapi zimerudi.

Karatasi iko pale mezani, kalamu ziko mbili tu. Bamama watangulie.