Nyumba Njema Si Mlango: Uwanja wa Ndege wa Goma



Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Usemi huo wafaa kukumbukwa kila inapotangazwa, katika nchi yetu au katika nchi jirani, kwamba uwanja fulani wa ndege wa mkoani utajengewa jengo jipya la abiria. Wananchi hufurahi, na wana haki ya kufurahi. Lakini jengo la abiria ndilo mlango wa uwanja wa ndege. Nyumba yenyewe iko nyuma ya mlango huo, na huko ndiko tunakopaswa kutazama.

Tuchukue mfano wa Goma, mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mji huo uko kando ya Ziwa Kivu, mpakani kabisa na Rwanda, na wakazi wake huzungumza Kiswahili sokoni, makanisani na majumbani. Kwa watu wa Goma ndege si anasa. Mji mkuu wao, Kinshasa, uko upande wa pili wa nchi iliyo kubwa mno, na hakuna barabara ya kuaminika inayofika huko. Mfanyabiashara, mgonjwa, mwanafunzi na mtumishi wa serikali, wote walikuwa wakitegemea njia moja tu ya lami iliyo katikati ya mji, baina ya mlima wa moto na nyumba za watu.

Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipomiminika Goma kwa mamia ya maelfu na kipindupindu kikawaangamiza, ulimwengu mzima uliujua uwanja huo. Dawa, mahema na mitambo ya kusafisha maji vilishushwa hapo. Tangu siku hizo imekuwa wazi kwamba uwanja wa Goma ni sehemu ya uhai wa watu, wala si pambo la mji.

Tarehe 17 Januari 2002, mlima Nyiragongo ulilipuka. Uji wa moto ulishuka hadi mjini, ukateketeza sehemu kubwa ya mitaa ya biashara na kuwafanya mamia ya maelfu ya watu kukimbilia Rwanda. Uji huo ulipita pia uwanjani, ukafunika mwisho wa kaskazini wa njia ya kurukia. Njia iliyokuwa na urefu wa kilomita 3 ikabaki na kilomita 2 hivi, na zilizosalia zikawa mwamba mweusi.

Msikilizaji anaweza kuuliza: je, kilomita 2 si nyingi? Jibu lahitaji maelezo kidogo. Goma iko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko kama huo hewa ni nyepesi. Mabawa hayapati nguvu ya kutosha upesi, na injini nazo hupungukiwa. Ndege hulazimika kukimbia kwa mwendo mkubwa zaidi, na kwa hiyo mbali zaidi, kabla ya kuinuka. Ikiwa njia ni fupi, rubani mwangalifu hupunguza mzigo au mafuta, na gharama ya kupunguza huko hulipwa na msafiri na mwenye bidhaa. Rubani asiyekuwa mwangalifu, au mwenye ndege mwenye tamaa, hapunguzi kitu. Gharama ya hapo hulipwa na watu wengine kabisa.

Na walilipa. Tarehe 15 Aprili 2008, ndege ya abiria iliyokuwa ikienda Kisangani ilishindwa kuruka na ikashindwa kusimama. Ilipitiliza mwisho wa njia, ikaingia katika mtaa wa Birere, mtaa wa maduka, vibanda na nyumba zilizosongamana. Watu wapatao 40 walipoteza maisha. Wengi wao hawakuwa abiria. Walikuwa wakiuza, wakinunua, au wamekaa tu majumbani mwao. Tena tarehe 24 Novemba 2019, ndege ndogo iliyokuwa ikielekea Beni ilianguka juu ya nyumba za mtaa wa Mapendo mara baada ya kuruka, na zaidi ya watu 25 wakafa.

Hapo ndipo palipo kiini cha mazungumzo yetu ya leo. Mtu aliyekufa Birere hakuwa na tiketi. Hakuwahi pengine kuingia katika jengo la abiria hata siku moja. Lingekuwa jengo la vioo na marumaru, lisingemsaidia kitu. Ambacho kingemsaidia ni urefu wa njia, eneo tupu mwishoni mwake, na sheria inayokataza nyumba kujengwa mahali ambapo ndege iliyoshindwa kusimama ndipo itakapofikia.

Kwa hiyo ulikuwa uamuzi wa busara, mwaka 2015, Benki ya Dunia ilipotenga dola milioni 52 kwa ajili ya uwanja huo, na fedha hizo zikaelekezwa kwanza katika usalama: njia ya kurukia, mnara wa kuongozea ndege na vifaa vinavyohusiana navyo. Mlima nao haukukaa kimya. Tarehe 22 Mei 2021 ulilipuka tena, na uji wake ukasimama karibu na uwanja.

Isidhaniwe kwamba twadharau jengo la abiria. La hasha. Ndani ya jengo hilo ndimo ilimo mizani. Humo ndimo mizigo hupimwa, majina huandikwa, na idadi ya watu wanaopanda hulinganishwa na idadi ya viti. Pale ambapo mizigo hupimwa kwa macho na abiria hupenyezwa kwa kujuana, rubani hupewa hesabu ya uongo, naye hukimbiza ndege nzito kwenye njia fupi akidhani ni nyepesi. Basi jengo bora ni lile lenye mizani ya kweli na mtumishi asiyekubali kupokea kitu ili afumbe macho. Tulipime kwa hayo kabla ya kulipima kwa vioo vyake.

Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilitwaliwa na kundi la M23, na safari za ndege zikakoma. Ndipo ilipodhihirika tena kwamba uwanja unapofungwa, mwenye njaa na majeruhi ndio wanaoumia kwanza, kwa kuwa dawa na chakula hulazimika kuzunguka njia ndefu.

Ndugu msikilizaji, Kongo ni mwenzetu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022, na msiba wake hatuwezi kuutazama kama wa mbali. Wala sisi Watanzania hatuna sababu ya kujitapa. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege iliyokuwa ikijiandaa kutua Bukoba ilianguka katika Ziwa Viktoria. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walikufa. Hali ya hewa ilikuwa mbaya. Lakini waliofika kwanza kuwaokoa wenzao walikuwa wavuvi wenye mitumbwi na makasia. Tunawashukuru wavuvi wale, na shukrani hizo zituachie swali: uwanja uliopakana na ziwa unahitaji nini kwanza, ukumbi mpana zaidi au boti ya uokozi iliyo tayari saa zote?

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Viongozi wanapokuja kukata utepe katika uwanja wa mkoa wetu, tuwapigie makofi, kwa maana maendeleo ni maendeleo. Kisha tuwaulize kwa adabu: njia ina urefu gani, mwishoni mwake wanakaa nani, mizani inafanya kazi, na zimamoto wako wapi? Wakitujibu hayo yote, basi mlango umefunguliwa, na nyumba imeonekana kuwa njema.