"Self" na "-ji-": Maneno kwa Makarani wa Tarime na Serengeti



Mmenitaka niseme machache juu ya maneno ya Kiingereza yaishiayo kwa "self" na "selves". Huenda mtu akanena, "Hayo ni mambo ya watoto wa shule." Sivyo. Tazameni: "Chacha cut him", na "Chacha cut himself". Sentensi ya kwanza yasema Chacha alimkata mtu mwingine. Ya pili, kwamba alijikata. Katika ya kwanza yumo mshtakiwa. Katika ya pili hamna ila majeruhi wa kupelekwa hospitali. Hata mwaka 2021, sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ushahidi ulionenwa kwa Kiswahili mbele ya mahakama ya wilaya uliandikwa kwa Kiingereza. Karani aliyeacha silabi moja aliweza kumtia mtu hatiani.

Maneno haya yana kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kurejea: mtenda ndiye mtendewa. Kiswahili huweka "-ji-" ndani ya kitendo, na Kikuria nacho kina alama yake mahali pale pale. Lakini Kiingereza huweka neno zima baada ya kitendo.

Kazi ya pili ni kutilia nguvu. "The owner himself counted the cattle", yaani, mwenye mali mwenyewe aliwahesabu ng'ombe. Hapa "himself" ni "mwenyewe", si "-ji-". Katika kesi ya wizi wa ng'ombe neno hilo lina uzito, kwa kuwa laonyesha kwamba alihesabu yeye, hakuhesabiwa na mwingine. Lakini "by himself" ni jambo jingine: maana yake ni peke yake.

Kipimo ni hiki: liondoeni neno. Sentensi ikisimama, basi lilikuwa la kutilia nguvu. Ikibaki pungufu, kama "Chacha cut", lilikuwa la kurejea.

Sasa, jihadharini na mitego mitatu.

Kwanza, "-ji-" moja yatutosha sote: nimejikata, umejikata, wamejikata. Kiingereza hubadilika: "myself", "yourself", "themselves". Mkisema na mtu mmoja ni "yourself", na wengi ni "yourselves". Wala msiandike "hisself" au "theirselves". Hayo si Kiingereza cha ofisi.

Pili, si kila "-ji-" yadai "self". Kujifunza ni "learn" tu. Katika kujibu na kujenga, "ji" ni sehemu ya shina, hairejei kwa mtu. Na kinyume chake, "enjoy yourself" kwetu ni furahi, pasipo "-ji-".

Tatu, makarani wengi huandika, "Please reply to myself," wakidhani ndiyo adabu. Neno la kurejea lamtaka mtenda aliyekwisha tajwa katika sentensi ile ile, na hapa anayejibu ni mwingine. Andikeni "to me". Adabu ya barua ni kueleweka.

Ndugu zangu, mwananchi atokaye Mugumu au Sirari hawezi kuikagua kazi ya kalamu zetu; hutuamini tu. Basi, kabla ya kutia sahihi, tuulizane: nani alitenda, na nani alitendewa?