Gitaa Letu la Zamani: Ni Kiasi Gani Bado ni la Asili, na Lina Thamani Gani?

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanakwaya na kamati ya jubilii wakati wa semina ya maandalizi



Kamati iliniomba nilikague gitaa la umeme ambalo limehudumu katika kwaya hii tangu miaka ya mwanzo, kisha niwaeleze nilichokiona. Sababu mnaijua. Kuna mtu ametaka kulinunua kwa shilingi 35,000. Baadhi yetu wanasema tuliuze tuongeze pesa za kinanda kipya. Wengine wanasema lipakwe rangi upya ling'ae siku ya jubilii. Wengine hawataki liguswe hata kidogo. Kabla ya kuamua, ni vizuri tujue tulichonacho.

Gitaa hili ni Stratocaster, lililotengenezwa Marekani na kampuni ya Fender. Aina hii ilianza kuuzwa mwaka wa 1954, na umbo lake limeigwa na viwanda vingi mno. Ndiyo maana jina lililoandikwa kichwani peke yake halitoshi kuwa ushahidi. Jina linaweza kubandikwa. Ni lazima vitu kadhaa vikubaliane.

Shahidi wa kwanza ni namba iliyo kwenye kichwa cha gitaa. Yetu inaanza na S8. Kuanzia 1976, Fender iliweka namba hapo kichwani, na herufi S ilimaanisha miaka ya sabini. Kwa hiyo S8 inatupeleka mwaka wa 1978 au karibu na hapo.

Shahidi wa pili amejificha ndani. Nilifungua bamba la plastiki la mbele kwa bisibisi nikatazama vile vidude vinavyozungushwa kuongeza au kupunguza sauti. Kila kimoja hupigwa muhuri wa tarakimu kiwandani. Kimoja chetu kimeandikwa 137 78 24. Tarakimu 137 ni za kampuni ya CTS iliyokitengeneza, 78 ni mwaka, na 24 ni wiki ya mwaka huo. Lakini tuwe waangalifu hapa. Muhuri huo unasema tu kwamba gitaa haliwezi kuwa lilikamilika kabla ya wiki hiyo. Hausemi kwamba lilikamilika wiki hiyo hiyo. Fender iliwahi kununua vidude vingi mwaka wa 1966 ikaendelea kuvitumia kwa miaka kadhaa. Hata hivyo, hapa kidude na namba ya kichwani vinakubaliana.

Shahidi wa tatu ni mbao zenyewe. Shingo imeshikwa na mwili kwa skrubu tatu, kama zilivyokuwa Stratocaster nyingi za miaka ya sabini. Zile za zamani zaidi zilikuwa na nne. Nilipoitoa shingo, ndani ya tundu lake nilikuta rangi ya kwanza ya kiwandani, ya kahawia inayofifia kuelekea manjano, nzito na ngumu kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Matundu ya skrubu hayajatobolewa upya. Kwa hiyo nasema bila wasiwasi: shingo na mwili ni vya asili, na ninaamini vimekuwa pamoja tangu kiwandani.

Sasa niseme yaliyobadilishwa. Ni manne.

Kwanza, rangi. Ile nyeupe mnayoiona ilipakwa kwa brashi juu ya rangi ya kiwanda. Pili, pikapu iliyo karibu na daraja. Nikisema pikapu sisemi gari, nasema kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi. Ya asili ilikuwa nyembamba, yenye koili moja. Imewekwa nyingine pana yenye koili mbili, na ili iingie, mtu alichonga mbao kwa patasi. Tatu, vifungio vyote sita vya kukazia nyuzi vimebadilishwa, na matundu yake yakapanuliwa. Nne, kidude kimoja cha sauti ni kipya. Lehemu yake inang'aa na waya wake ni wa rangi tofauti, na hiyo ndiyo njia rahisi ya kutambua mahali palipoguswa.

Nawaomba msiwalaumu waliofanya hivyo. Walitaka gitaa lisikike katika mkutano wa nje na lisitoke kwenye sauti katikati ya wimbo. Lilikuwa jembe lao la kulimia. Lakini soko halitazami nia. Soko linauliza swali moja: je, badiliko hili linaweza kurudishwa? Kidude cha sauti kinarudishwa kwa saa moja. Freti zilizochakaa zikibadilishwa, hayo ni matengenezo ya kawaida, kama kuweka tairi mpya. Lakini mbao iliyochongwa haioti tena. Na rangi ya asili ikishafunikwa au kukwanguliwa, wauzaji wengi wa magitaa ya zamani huhesabu kwamba karibu nusu ya bei imeondoka.

Kwa hiyo bei yetu ni nini? Stratocaster ya mwishoni mwa miaka ya sabini haina bei ya zile za miaka ya hamsini. Hata hivyo, ambayo haijaguswa huuzwa huko Marekani kwa zaidi ya dola 1,000, yaani zaidi ya shilingi 120,000. Tukikata nusu kwa sababu ya rangi, kisha tukapunguza tena kwa sababu ya mbao iliyochongwa, bado shingo peke yake, yenye namba na jina lake la asili, inatafutwa na watu. Shilingi 35,000 ni bei ya mtu anayejua jambo ambalo anadhani sisi hatulijui.

Lakini kuna upande wa pili wa thamani. Eric Clapton alinunua Stratocaster kadhaa za zamani huko Nashville mwaka wa 1970, akagawia marafiki baadhi yake, kisha akachukua sehemu za tatu zilizobaki akaunganisha gitaa moja aliloliita Blackie. Kwa kipimo cha uasili, lile ni gitaa la viraka. Lakini mwaka wa 2004 liliuzwa kwa mnada New York kwa dola 959,500, na pesa zikaenda kusaidia kituo cha kuwatibu watu waliotekwa na pombe na dawa za kulevya kisiwani Antigua. Lile jeusi la David Gilmour lilibadilishwa shingo, likabadilishwa pikapu, likatobolewa, lakini mwaka wa 2019 liliuzwa kwa dola 3,975,000.

Kwa nini? Kwa sababu watu walijua ni nani alilipiga, wapi, na katika nyimbo zipi, na kulikuwa na picha na kanda za kuthibitisha. Hapo kila tundu likawa sehemu ya historia. Gitaa lile lile likiwa halina ushahidi lingekuwa kifaa kilichotobolewa tu. Sisi si Clapton, na hakuna atakayetulipa mamilioni. Lakini kwa kwaya hii, gitaa hili ndilo lililowafundisha wapigaji wa vizazi vitatu. Historia hiyo haina mnunuzi mwingine duniani isipokuwa sisi wenyewe.

Kwa hayo, nina mapendekezo manne kwa kamati.

La kwanza, lisipakwe rangi kwa ajili ya jubilii. Lifutwe vumbi kwa kitambaa laini, liwekwe nyuzi mpya, basi. Msasa na thina visilikaribie. Chini ya ile rangi nyeupe bado iko ya kiwanda, na fundi stadi anaweza siku moja kuifikia.

La pili, tutafute vilivyotolewa. Pikapu ya zamani na vile vifungio sita vilikwenda mahali fulani. Huenda viko ndani ya mkebe wa misumari nyumbani kwa mmoja wetu. Akina mama na akina baba, tafadhali angalieni. Hata kikiwa kimekufa, kileteni.

La tatu, tukusanye picha na kanda zinazoonyesha gitaa hili likipigwa, na nyuma ya kila picha paandikwe mwaka na jina la mpigaji. Wazee wetu wanaokumbuka wapo. Tuwaulize sasa.

La nne, ikiwa mwishowe tutaamua kuliuza, liuzwe kwa uamuzi ulioandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano, na mnunuzi apewe orodha ya yale mabadiliko manne. Asiwe mtu wa kuyagundua baadaye kwa bisibisi yake. Kuficha tundu chini ya bamba la plastiki ni uongo hata kama hakuna aliyefungua kinywa.

Mkiniuliza maoni yangu, wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kinanda tutakichangia, na mwaka huu tuna nafasi ya kufanya hivyo. Gitaa kama hili likishatoka mlangoni, halirudi kwa shilingi 35,000. Lakini uamuzi ni wenu, na sasa mtauamua mkiwa na hesabu mkononi.